Mkanda wa Ubatizo na Mwewe wa Kangemi

Nilifungua kamera ya mama yangu saa saba mchana, jua likiwaka, ili nichungulie kama mwewe ameingia. Naona wazee mnatikisa vichwa. Ngojeni, bado.

Mnajua mama ndiye hutupiga picha hapa kanisani. Jumapili ile ya ubatizo alipiga picha kumi na nane kwenye mkanda wa filamu wa picha thelathini na sita, akaiweka kamera juu ya kabati. Kwetu mkanda hausafishwi mpaka uishe. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nikaona picha kumi na nane zimekaa bure.

Jumanne nikapanda hadi mashamba ya mahindi pale Mountain View na rafiki yangu. Simtaji jina, lakini ndiye yule anayeangalia viatu vyake. Tulikuwa na vipande vya matumbo vya kuwaita mwewe wa soko la Kangemi. Akarusha kimoja juu.

Ndugu zangu, mimi hucheka hata kwenye maombi, mnanijua. Siku hiyo nilisahau kucheka. Mwewe alikunja mabawa, akashuka kama amekatwa kamba, akanyaka nyama hewani, akageuka juu ya kichwa changu karibu hivi, nikaona manyoya ya mkia yakijipinda moja moja. Nyuma yake, kutoka upande wa Kinoo, zikaja ndege tatu za jeshi zikifanya mazoezi ya sikukuu ya taifa. Zilipita kwanza, mngurumo ukafuata, ukatikisa mahindi na kifua changu. Nilibonyeza, nikavuta mkanda, nikabonyeza, hadi mkanda ukaisha, kamera ikakataa. Nilifikiri: aliyeunda bawa lile ndiye tunayemwimbia kila Jumapili huku mimi nikisinzia.

"Umepiga hewa," rafiki akasema.

"Wako ndani ya kamera, mwewe na ndege za jeshi."

"Wapi, bana? Mwewe akungoje wewe? Hata kuku wa kwenu hawakungoji."

"Kuja nikuonyeshe."

Nikafungua mlango wa nyuma wa kamera. Tukaona utepe wa kijivu tu, hauna mwewe, hauna hata mtoto mmoja wa ubatizo. Hapo ndipo tukakumbuka kwamba filamu haipatani na jua. Nikafunga, nikairudisha kamera kabatini, nikawa kijana mwenye adabu kwa siku mbili. Mama akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi jioni akaja baba mmoja wa Kinoo. Mama yake, yule shosho aliyembeba mjukuu siku ya ubatizo, alikuwa amelala usiku asiamke.

"Dada, hana picha nyingine ila ile ndogo ya kipande chake cha utambulisho," akamwambia mama. "Ile ya Jumapili iko?"

"Iko, ndugu yangu. Utaipata kabla ya mazishi."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Yule baba alipotoka nikasema yote, hata matumbo. Mama hakunipiga, na nilitamani anipige. Asubuhi alifunga kitambaa kichwani akasema, "Vaa viatu."

Mjini kuna mzee Mhindi wa kilemba anayetusafishia mikanda. Aliingia gizani na kamera, sisi tukakaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Alipotoka alinitazama mimi.

"Kijana, wewe iko bahati. Picha ya kwanza inajiviringa ndani kabisa, ya mwisho inakaa nje. Jua imekula ya nje."

Nawaambia, mwewe wangu wote waliungua, na ndege za jeshi pia. Lakini walikuwa wamejizungusha juu ya wale watoto, wakawakinga wote ila watatu. Shosho alikuwa picha ya pili. Anacheka, mjukuu amemshika sikio, na pembeni kuna mwali mwekundu kama moto wa jikoni. Picha hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza.

Namshukuru mzee wa kilemba. Namshukuru yule baba aliyenishika mkono kaburini akijua nilichofanya. Wazazi watatu ambao picha zao ziliungua, asanteni kwa kukubali kuwavalisha watoto tena wapigwe picha mpya. Na nyinyi vijana wenzangu: ukiharibu kitu cha mtu, mwambie kabla hajakihitaji. Siku mbili nilizonyamaza ndizo zilizoniuma kuliko jua lile.

Jumapili iliyofuata mama alinipa kamera, mlango wa nyuma ameubandika plasta ya kidonda. Akasema, "Rudi kwa mwewe wako. Na ukitaka kujua kama wameingia, ungoje kama sisi wengine."