Recheli Mhoja na Ofisi Tatu za Kaliua

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, mtusogelee. Saa hii ni ya kumkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Recheli Mhoja. Wengi walimwita Mama Levina. Alikuwa afisa utawala katika ofisi ya maji, kule Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Recheli Mhoja, Mama Levina. Amezikwa Jumamosi iliyopita kijijini kwao Lusu, wilayani Nzega, na Wamoraviani wenzake wakamwimbia mpaka koo zikakauka.

Alizaliwa hapo hapo Lusu, kwa wakulima wa mpunga. Mumewe, Mzee Justus, anasema tangu ujana alikuwa mtu wa kuuliza. "Ukija kuazima jembe kwetu," anasema Mzee Justus, "atakuuliza mpini ukivunjika atatengeneza nani. Tena kabla hujalishika! Majirani walimwona ana maneno mengi. Lakini sisi hatukuwahi kugombana na mtu kwa ajili ya jembe."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo lilimpata akiwa kazini Kaliua. Mdogo wake, Jenifa, alikuwa ameolewa huko huko. Akajifungua mtoto kabla ya wakati, katika kituo cha afya cha umma. Mtoto akawekewa mashine ya oksijeni. Alfajiri umeme ukakatika. Jenereta la kituo likagoma kuwaka. Wauguzi wakapiga simu Tabora kuomba fundi, na fundi akaanza safari. Mtoto hakuweza kumsubiri.

Recheli alipata habari asubuhi, alipokuwa anajiandaa kwenda kazini. Akaenda kwanza kumshika mdogo wake. Kisha akapita ofisini kuaga. Uani akamkuta Sabiri, fundi wa majenereta ya pampu za maji, anakunywa chai. Fundi mzuri kabisa. Na kutoka uani hapo, wasikilizaji, bati la kituo cha afya linaonekana.

"Sabiri," Recheli akamuuliza, "hukusikia kwamba jenereta la jirani limekufa?"

"Mama, nani angeniambia?" Sabiri akajibu. "Mimi ni wa maji. Wale ni wa afya."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli. Na alipoambiwa mtoto aliyefariki alikuwa wa nani, kikombe kilimtoka mkononi.

Recheli hakugombana na mtu. Alipomaliza kulia na mdogo wake, alianza kubisha hodi. Ofisi zilikuwa tatu. Maji, afya na halmashauri. Maji walikuwa na fundi. Halmashauri walikuwa na mwanasheria, dada mmoja anaitwa Anifa. Afya walikuwa na mtaalamu wa kompyuta. Kila ofisi ilikuwa na kitu kimoja, na imekwama kwa viwili. Recheli akasema, tuazimane wataalamu. Basi, hilo tu.

Mnadhani walimkubalia? Meneja wake mwenyewe, Bwana Octavian, alikuwa wa kwanza kukataa.

"Mama Levina, nikimtoa Sabiri, halafu pampu ikazima, nitawaambia nini wananchi wenye ndoo?"

"Pampu ikizima, anarudi kwako," Recheli akamjibu. "Tutaandika hivyo."

"Na akiumia huko kwa watu?"

"Tutaandika pia."

"Na wakaguzi wakija wakamkuta si kwenye kituo chake cha kazi?"

Lilikuwa swali la haki. Bwana Octavian hakuwa mchoyo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi. Watumishi wamewahi kupoteza kazi kwa kusaidia pasipo karatasi. Basi Recheli akaenda kwa Anifa, mwanasheria, wakaketi wawili hao kutafuta njia iliyo halali. Nani anasaini likizo ya aliyeazimwa. Nani anatoa gari. Nani anajibu mtaalamu akikosea. Vikao vikaitwa, vikaahirishwa, vikaitwa tena. Mtaani wakampa jina, Mama Kuazima. Alilisikia, akacheka nao.

Na siku moja ofisi zote tatu zikasaini makubaliano ya kuazimana.

Mwanzo yalikuwa mambo madogo. Anifa alikaa na wakulima waliokuwa wanavutana na ofisi ya maji kuhusu eneo la kisima, wakaelewana bila kufika mahakamani. Mtaalamu wa kompyuta wa afya akawawekea wote kumbukumbu za watumishi mahali pamoja, na mtu akiomba uhamisho jalada lake likawa halipotei tena. Sabiri naye akapewa ufunguo wa chumba cha jenereta pale kituo cha afya. Inasemekana alilifanyia matengenezo siku hiyo hiyo.

Lakini Mama Levina hakutulia. Alipostaafu, yeye na mumewe wakahamia hapa Tabora mjini, Ipuli. Nafasi yake akaichukua kijana mmoja anaitwa Majidi. Binti wa Recheli, Levina, anakumbuka. "Mama alikuwa anakaa na simu mapajani," anasema. "Anasema, nikiwa sipo kila mtu atarudi kwenye boma lake. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, daktari amemwambia apumzike. Apumzike wapi? Kila mvua ikipiga, anaiwaza Kaliua."

Wasikilizaji wapendwa, masika ya mwaka jana ilinyesha mvua ya upepo mkali. Mchana simu ya Mama Levina ikaita. Alikuwa Swaumu, muuguzi mfawidhi wa kituo kile kile. Levina alikuwa jikoni, akasikia yote, maana mama yake aliongea kwa spika.

"Shikamoo, Mama Levina."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini huko?"

"Umeme ulikatika asubuhi. Tulikuwa na pacha wachanga kwenye oksijeni. Jenereta likagoma."

Recheli akasimama. Levina anasema alianza kutafuta viatu, kana kwamba Kaliua ni nyumba ya pili. "Sabiri yuko wapi? Bwana Octavian mmemwambia? Kata simu, nimpigie Majidi..."

"Mama, keti. Nimekupigia nikupe habari njema. Sabiri alishakuja. Ametengeneza, ameondoka. Pacha wananyonya saa hizi."

"Nani alimpa ruhusa?"

"Hakuna aliyeombwa ruhusa, mama. Tulipiga, akaja. Bwana Octavian alihamishwa zamani. Huyu meneja mpya, mimi nadhani anafikiri mambo yalikuwa hivi tangu enzi za Mjerumani."

Recheli akaketi. Akacheka, akacheka tena, machozi yakamtoka. Levina akakimbia kutoka jikoni akidhani moyo umemzidia mama yake.

"Hawanihitaji," mama yake akamwambia. "Levina, hawanihitaji kabisa!" Akampa simu aiweke chumbani. Akala ugali na mlenda, akalala mchana ule usingizi mzito ambao nyumba ile haikuuona kwa miaka.

Aliishi hivyo, mwepesi, hadi mwezi huu. Moyo ukachoka. Aliondoka kwa amani, mumewe akiwa kando yake.

Kaburini Lusu, Jenifa alisema maneno machache. "Dada hakunirudishia mwanangu. Hakuna awezaye. Lakini nimewabeba wale pacha kwa mikono yangu. Ni wazito."

Kwa Mzee Justus, kwa Levina, kwa Jenifa, na kwa watumishi wa ofisi zote tatu za Kaliua, pokeeni pole zetu. Mungu awape nguvu, naye ampokee Mama Levina.

Nanyi mnaotusikiliza, mlio maofisini, tafakarini kidogo. Jirani yenu wa ukuta wa pili amekwama na nini leo? Mnajua? Kama hamjui, kesho asubuhi nendeni mkamuulize.