Mvinyo Mkavu wa Sinia

Kivuli cha ukuta wa gereji kikishafika kwenye benchi, kijiwe hujaa chenyewe. Benchi ni kiti cha gari kilichong'olewa. Upande wa kulia springi zimetoboa ngozi, ndiyo maana Spana, makanika wa gereji, hukaa kushoto. Karani, mstaafu wa mahakama, hukaa katikati, fimbo magotini, kama anayengoja kesi yake iitwe. Mama Buli ndiye mwenye jiko na kahawa. Siku hiyo Sinia, mhudumu wa hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, alikuja amekumbatia chupa nyembamba ya kijani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Jioni hoteli ilikuwa ikitarajia wageni wazito, na mpishi mkuu alitaka mhudumu mmoja wa kusimama meza kuu na kuueleza mvinyo. Wahudumu wote walikuwa wamepewa chupa moja moja ya kujifunzia. Sinia alikuwa amezeekea meza za pembeni, kule karibu na choo, na nyumbani mkewe alishaanza kumtania kwamba hata kitanda chao kakisogeza pembeni.

— Nisaidieni jamani, — alisema. — Nimeonja, ulimi haujaniambia kitu.

— Kinywaji gani hicho? — Mama Buli aliuliza.

— Mvinyo mweupe wa Kijerumani. Mkavu.

Spana aliitikisa chupa. Ikalia chubwi.

— Mkavu huu? Sinia, umepigwa mchana kweupe. Huu umelowa chepechepe!

— Mkavu maana yake hauna sukari, bwana.

— Ala! Kumbe nami nauza kahawa kavu miaka yote hii, — alisema Mama Buli. — Na bado mnaniambia bei ghali.

Karani aligonga fimbo chini.

— Tusikilizane. Zabibu imekamuliwa, maji yake yametoka. Aliyebaki mkavu ni nani? Zabibu. Mvinyo ni shahidi tu, msimwonee.

Sinia alimimina kidogo kwenye vikombe vya kahawa. Spana alitumbukiza pua, akaitoa upesi.

— Petroli!

— Hata meneja wa hoteli kasema, — Sinia alidakia. — Mingine ikikaa miaka hunukia hivyo. Eti ni sifa.

— Sifa? Gari likinukia petroli analetewa nani? Mimi! — Alipiga funda, uso ukajikunja kama kitambaa cha kufutia mikono. — Mbona umechachuka hivi?

— Mizabibu wanaipanda kwenye miteremko mikali, juu ya mto, — Sinia alieleza. — Mawe matupu.

— Basi tumemaliza. Huo si uchachu, ni woga. Weka wewe zabibu kwenye genge, imeshikilia kikonyo, chini inaona mto. Itaiva na utamu wa wapi? Inawaza kuanguka tu!

Sinia alirudia kimoyomoyo: petroli, mawe, woga. Kwa mara ya kwanza alihisi ana kitu cha kusema.

— Sivyo, — alisema Mama Buli. Alikuwa ameonja tone moja tu, kwa ncha ya kijiko. — Sukari ilikuwepo. Imetoka hivi punde. Hamwoni ulimi unavyoitafuta? Kama nyumba ambayo mgeni kaondoka bila kuaga.

Wote walilamba midomo wakiitafuta. Spana aliangalia mpaka chini ya kikombe.

— Na wewe Mzee Karani? — Sinia alimgeukia.

— Mimi kilevi sigusi. Lakini sikio halijazuiwa. — Aliweka kikombe sikioni, akafumba macho. — Nasikia mvua juu ya mawe. Kuna mtu anakula tufaha bichi... Ngoja. Kuna wawili. Hawaelewani.

— Wanasemaje? — Sinia aliuliza.

— Kijerumani. Ningejuaje?

Ndipo mpishi mkuu alipovuka barabara, mwanamke wa kimo, aproni bado kiunoni. Sinia alisimama wima, chupa kifuani.

— Nakutafuta, mwanangu. Wenzako wote nimeshawauliza swali moja. Mgeni akikuuliza, huu mvinyo ni mtamu?

Sinia alifungua kinywa. Akisema ni mtamu, ameutia sukari isiyokuwamo. Akisema si mtamu, nani ataunywa? Alimtazama Spana. Spana alitazama viatu vyake. Mama Buli alikoroga kahawa isiyo na haja ya kukorogwa. Karani alirudisha kikombe sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa polepole. Pikipiki ilipita, vumbi likatua, na bado Sinia alikuwa amesimama kinywa wazi, machozi yakimlengalenga.

Mpishi mkuu alijifuta mikono kwenye aproni.

— Wenzako wamenijibu papo hapo, — alisema. — Mmoja kasema ni mtamu kama asali. Mwingine kasema si mtamu, mgeni aagize soda. Wewe peke yako umeuheshimu mvinyo. Nenda kavae shati jeupe, meza kuu ni yako.

— Nikiulizwa je, mama?

— Fanya uso huohuo, kisha umimine.

Sinia alikwenda mbio, karibu agongwe na mkokoteni. Mpishi mkuu naye hakuondoka. Aliketi upande wa kulia, springi zikamchoma, akasogea, akachukua kikombe cha Spana na kuonja.

— Haya, — alisema kwa sauti ya chini, akiwageukia. — Sasa tuambizane ukweli. Ni mtamu?