Bi Khairat Pandu Silima, Mpimaji wa Joto na Chumvi ya Bahari

Bismillahi Rahmani Rahim.

Marehemu dada yetu, Bi Khairat Pandu Silima, alizaliwa Jambiani tarehe 4 Mei 1981. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Pandu Silima, aliyetangulia mbele ya haki, na Bi Riyama Makame, mkulima wa mwani. Alisoma Jambiani, kisha mjini akikaa kwa shangazi, na mwaka 2006 akahitimu shahada ya sayansi ya bahari Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata alianza kazi ya kupima bahari hapa Unguja. Aliteremsha chombo kwa kamba kutoka juu ya maji hadi chini, nacho kikapima joto na chumvi katika kila kina. Miaka ya karibuni mwani wa mama na wenzake ulikuwa ukioza wakati wa kaskazi, maji ya ufukweni yanapopata moto. Marehemu alitaka kujua kama maji ya kirefu hubaki na ubaridi wake, ili mwani uhamishiwe huko. Mama hajui kuogelea. Marehemu alimwahidi, "Usiogope, mama. Siku ya kwanza nitakushika mkono mwenyewe."

Mwaka 2009 aliolewa na Bwana Abdulrazak Yussuf, fundi cherehani wa Mikunguni. Chombo kile hakiachwi kikakaukiwa na chumvi, basi alikiosha kwa maji ya bomba kila arudipo, hata siku za shida ya maji. Shemeji alikuwa akimtania, "Bi Khairat, mgeni wako keshaoga. Na mie je?"

"Wewe subiri. Chumvi haikuharibu wewe."

Januari 2024 alipima kwa haraka, kumbe hakukivua kifuniko cha mpira kichwani mwa chombo. Aligundua nyumbani, alipokuwa akikiosha. Vipimo vyote vilikuwa vimeharibika, na boti ya mradi wao wa kupima bahari ilikwishaondoka. Ikabidi aisubiri kaskazi nyingine. "Kila siku nawaambia wenzangu wavue kifuniko," alisema huku akilia.

Oktoba mwaka huo alishikwa na maumivu ya tumbo. Daktari alimtaka aende Dar es Salaam haraka kufanyiwa upasuaji. Akamjibu, "Niache niipate kaskazi hii tu." Tulimsihi sana, hakukubali. Alipima tarehe 18 Januari 2025, na safari hii kifuniko alikishika mkononi. Alipopasuliwa Februari, ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, ndani ya Ramadhani, tukamzika Mwanakwerekwe siku ile ile.

Juzi mwenzake wa kazini, Bi Muzdalifa, alimletea mama majibu. Kule kirefu maji hayakupata moto, na chumvi yake ilibaki vile vile. Mwani utaota. Wenzake mama walishukuru. Mama akauliza, "Na mimi nani atanishika mkono?"

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Zuleikha na Yussuf, sisi wadogo zake, na mama.

Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na atupe sisi nguvu ya kumshika mama mkono. Amin.