Sista Verlene na Jumatatu ya Kulungu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Sista Verlene Sizemore anastaafu Ijumaa hii, tarehe 21 Novemba. Tulimsihi asogeze hadi Desemba tumwandalie sherehe ya maana, akakataa katakata. Jumatatu msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, naye haoni sababu ya kuupokea akiwa bado mwajiriwa.

Alianzia wodi ya upasuaji, akahamia ya moyo, na huko akajipatia sifa mbili: kuuona mshipa pale ambapo sisi tunaona ngozi tupu, na kusema uongo kwa manufaa ya umma. Hiyo ya pili ndiyo iliyotuletea timu yetu.

Enzi hizo vijana wa milimani waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya walitujia na vali za moyo zilizoliwa na wadudu. Tiba yake ni wiki sita za dripu. Daktari wa moyo aliwatuma kwa wa upasuaji, wa upasuaji kwa wa maambukizi, naye akawarudisha kwa wa kwanza. Arosto, yale mateso ya kuzikosa dawa za kulevya, haikuwa na mwenyewe. Siku ya tatu ukipita, kitanda kitupu. Tuliandika kwamba mgonjwa ametoroka, tukaenda zetu nyumbani.

Verlene alipochoka kutandika vitanda hivyo, alimnong'oneza kila mmoja wetu kwamba wenzake wanakutana Jumatano saa sita kumjadili yeye. Tulifika wote, tena mapema, nyuso zimekunjamana. Mimi mfamasia nilikuja na utetezi wa kurasa mbili. Tulikuta sufuria ya maharage, mkate wa mahindi na majina ya wagonjwa watatu. Tangu hapo tunakutana kila Jumatano, na daktari wa uraibu ana kiti chake jirani na sufuria.

Miaka sita iliyopita Arlie Cogar alilazwa mara ya pili. Vali bandia aliyowekewa mwaka uliotangulia ilikuwa imeingiwa na wadudu tena. Arosto tuliituliza kwa vidonge, homa ikashuka, na wiki ya nne ilikuwa ikienda vizuri alipotangaza kwamba Jumapili anaondoka. Baba yake alikuwa ameanza kupoteza macho, na mzee huyo hakuwa amefungua msimu bila Arlie tangu mtoto alipoweza kubeba chupa ya kahawa.

Dk. Pruett, mpasuaji wetu, mtu mwema mwenye ulimi wa msasa, alisema mezani kwamba haya tumeshayaona, teja ni teja. Dawa ikikatizwa vali itaoza, na kifua kile yeye hakifungui tena. Hakuna aliyembishia. Tulikuwa tunampitishia Arlie kifo chake kwa adabu zote, huku tunakula.

Verlene alikuwa akipakua. "Daktari wangu," alisema bila kuinua kichwa, "na wewe Jumatatu utakuwa wapi?"

Pruett alikohoa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba hajawahi kushika kisu Jumatatu ya kulungu. Verlene akazunguka meza na upawa wake, akituuliza mmoja mmoja. Daktari wa moyo alikuwa ameomba ruhusa. Wa maambukizi alikuwa na harusi ambayo hata bibi harusi hakuwa na habari nayo. Mimi nilikuwa nimepanga kuumwa mgongo.

"Kumbe," akasema, "ila mtoro ni Arlie peke yake."

Maharage yalipoa. Kisha daktari wa maambukizi akakumbuka kwamba ipo dawa ya dripu inayokaa mwilini zaidi ya wiki, nami nikakumbuka kwamba ninayo stoo. Arlie alitundikiwa Ijumaa, akapewa vidonge vyake na sharti moja: Jumatatu ya wiki ya pili, siku kumi baadaye, arudi kwa dozi nyingine.

Jumatatu hiyo sote tulipata kazi nyingi karibu na dirisha la mbele. Adhuhuri ikapita. Pruett alishuka mara kwa mara kutafuta kahawa, ilhali ghorofani kwake ipo. Alasiri Arlie akaingia, katoka mlimani moja kwa moja, shati lina damu. Pruett alimkamata, akamkunjua mikono yote miwili na kuikagua mpaka viwikoni, akitafuta alama za sindano. Ilikuwa mikwaruzo ya miiba tu.

"Damu ya kulungu hiyo, mzee," Arlie alisema. "Baba kampiga mwenyewe, mimi nilimwonyesha tu alipo. Vipi wewe, ulipata?"

Pruett alikiri kwamba alirudi mikono mitupu. Alivuta kiti, akakaa kando ya dripu ile mpaka ikaisha.

Siku hizi mgonjwa wa vali akilazwa, kabla hatujamuuliza alijidunga nini, tunamuuliza huko nje kuna kitu gani asichotaka kukikosa, na mpango wa dawa unaanzia hapo. Wapo tuliowapoteza hata hivyo, na Verlene anawakumbuka kwa majina. Inatuuma. Lakini vitanda vitupu vya siku ya tatu vimepungua sana.

Sista Verlene, asante kwa maharage, kwa uongo wote ule, na kwa kutuaibisha tulipostahili. Tunakutakia asubuhi ndefu mlimani, magoti yasiyolalamika, na majirani wepesi kudanganyika. Arlie aliposikia tunaandika haya, hakutaka kuhutubia. Aliomba tuweke neno moja tu kwa niaba yake: nipo.