Mama Zamu Anatuachia Darasa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa darasa la awali anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wazazi humwita Mama Zamu. Mimi, msaidizi wake ninayerithi nafasi yake, roho haijatulia tangu barua yake ibandikwe ubaoni.

Alipoanza, darasa lilikuwa stoo ya madawati mabovu. Aliomba msaada ofisini, akaambiwa asubiri. Kusubiri hakujui! Aliwaita wazazi, akawapangia zamu, ambazo wazazi wapya wamekuwa wakizirithi hadi leo: seremala viti, mama wa duka la nguo mapazia, babu mmoja hadithi kila Jumatano. Hata ufunguo ulilala kwa mzazi mwenye zamu. Aliyekwepa, Mama Zamu alimfuata hadi nyumbani, akamsalimia kwa upole mpaka mwenyewe akaona haya. Mkaguzi mmoja alikuja na faili lake, akajikuta sakafuni anawachongea watoto penseli.

Mwaka huu nilimwangusha. Kwa hofu kwamba akiondoka vitu vitapotea, nilinunua kufuli jipya na ufunguo nikauweka mezani kwangu. Loo! Ndani ya wiki mbili hakuna mzazi aliyekuja. Viti vilivunjika vikabaki hivyo hivyo, na babu alituma salamu kwamba siku hizi darasa lina mwenyewe. Mwalimu mmoja hawezi watoto hamsini, na ofisi ilishasema wazazi wakijitoa, darasa litafungwa.

Nilimwendea Mama Zamu nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniambia nikawaombe radhi wazazi, peke yangu, kisha yeye akaenda zake likizo. Niliomba radhi, nikarudisha ufunguo. Walinisikiliza, wakaondoka. Jamani, siku tatu nzima sikujua kama wamenisamehe.

Jumatatu nilifika mapema. Nikakuta mlango wazi, sakafu imepigwa deki, seremala yuko chini ya meza anagongomea mguu. Nikaanza kumwaga shukrani. Mama wa duka la nguo akaniuliza ninamshukuru kwa lipi, kwani darasa ni la baba yangu? Kisha akanionyesha orodha mpya ya zamu. Nami nimo, bila kuulizwa: Alhamisi, kuosha vikombe.

Mwalimu wetu, asante kwa yote. Kapumzike kwa afya na furaha, wajukuu wakuchoshe vizuri. Hofu bado ninayo, sikufichi. Ila Alhamisi nitakuwepo, maana nisipotokea, hawa watanifuata nyumbani.