Ruth Katoo Gakuru, Mama Aliyesikia Rangi ya Maji

Mchungaji, wazee wetu, jamaa kutoka Bisil na Kajiado, majirani wa hapa Kitengela na marafiki wote mliofika leo, Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, nawasalimu kwa niaba ya familia. Mimi ni Seleyian, kitinda mimba wa marehemu. Sijazoea kusimama mbele ya watu, lakini Mama mwenyewe aliomba niandike mimi, akasema niandike na pale alipokosea, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Mama yetu Ruth Katoo Gakuru alizaliwa tarehe 4 Aprili 1963 katika boma la babu yetu, mzee Katoo, upande wa Bisil, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Bibi yetu, ambaye nilipewa jina lake, alikuwa fundi wa shanga, na ndiye wa kwanza kujua kwamba mtoto huyu alikuwa na jambo lake, kwa sababu akiwa na miaka minne hivi aliketi kando yake akipanga shanga, mbwa akabweka, na Mama akachukua ushanga wa rangi ya chungwa akasema, "Huyu hapa, yeyo, ndiye aliyebweka." Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Bibi hakumkemea wala hakumpeleka kwa mtu yeyote, alimuuliza tu, "Na ng'ombe wa baba yako akilia?" Mama akatafuta katika kibuyu, akamwonyesha ushanga wa buluu iliyokolea, na kesho yake alipoulizwa tena akatoa buluu ileile.

Alianza shule ya msingi Januari 1971 na akasoma hadi darasa la tano. Alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini siku moja mwalimu alimuuliza alivyopata jibu, naye akasema kwamba saba ni nyekundu na tano ni ya majani, na alipoziweka pamoja aliona rangi ya kumi na mbili. Alichapwa viboko sita kwa kujibu utani, na tangu siku hiyo aliandika majibu bila kueleza alikoyatoa. Novemba 1975 aliacha shule akasaidie na ndama nyumbani. Hakuwahi kumlaumu mwalimu yule, alisema kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alichapa kabla ya kuangalia kama jibu lilikuwa sahihi, na lilikuwa sahihi.

Kuanzia mwaka 1979 aliuza shanga Bisil siku za mnada, na huko ndiko alikokutana na baba yetu, Gakuru, aliyekuwa na duka la misumari na mabati mjini Kajiado na ambaye alikwenda kununua mbuzi akarudi na mikufu mitatu asiyokuwa na wa kumpa. Walifunga ndoa kanisani Kajiado tarehe 15 Desemba 1984, wakabarikiwa na watoto watatu, Njuguna mwaka 1986, Wacuka mwaka 1989, na mimi mwaka 1998. Baba alimuuliza jina lake yeye lilisikika rangi gani, na Mama akamwambia ni kahawia ya chai iliyokaa, Baba akacheka akasema angalau ni chai. Walihamia hapa mwaka 1993, na Baba alituacha tarehe 2 Juni 2014.

Sasa nifike kwenye kazi yake, ambayo ndiyo wengi wenu mnamjua kwayo. Kisima cha jamii kilichoko hapa nyuma ya kanisa kilichimbwa mwaka 1996, na Mama akaajiriwa na kamati kuwa mhudumu wa pampu, kuwasha injini asubuhi, kuizima jioni, kuweka mafuta na kuwapanga watu na mifugo. Baada ya miezi michache alimwambia fundi wetu, Bwana Munguti, ambaye yuko hapa mbele, kwamba injini imeacha kuwa ya kijani na imekuwa na kijivu pembeni. Bwana Munguti ameniruhusu niseme alivyomjibu, alisema, "Mama Njuguna, mimi niko na spana, wewe uko na rangi, sasa ngoja tupake hii injini rangi ikae poa." Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na kwa siku mbili watoto walimwita Mama wa Rangi. Siku ya tatu beringi ya injini ilivunjika.

Baada ya hapo ilikuwa kinyume, walioanza kwa kumcheka wakaanza kumwamini kuliko inavyofaa, na Mama alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza katika hao. Alisema rangi, fundi akafungua, kasoro ikapatikana, na hakuna aliyehesabu zile mara ambazo haikupatikana.

Mwaka 2009, wakati wa kiangazi kikali, Mama alifika kisimani Jumatatu asubuhi, akawasha injini na kusikia rangi ya njano ambayo hakuwahi kuisikia, akasema pampu inakufa na itolewe mara moja kabla haijavunjikia chini. Kamati ilikubali bila swali. Ilichukua siku nne kuvuta mabomba yote, na pampu ilipofika juu ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Jumamosi ile vijana walikuwa wamejenga kibanda kipya cha mabati juu ya injini, na mabati ndiyo yaliyokuwa yakiimba njano. Katika siku hizo nne mifugo ilipelekwa mbali kutafuta maji, na mzee Samuel, jirani yetu, alipoteza ng'ombe kumi na mmoja njiani. Kuna walioniomba jambo hili nilipite leo. Silipiti, kwa sababu Mama hakulipita hata siku moja.

Alikwenda kwa mzee Samuel kuomba msamaha, na kwa desturi ya kwao alitaka kwenda akiwa ameshika majani mabichi mkononi, lakini nchi nzima ilikuwa vumbi, na mahali pekee palipokuwa na majani mabichi ni chini ya tangi la kisima, pale panapovuja. Aliyang'oa hapo, akaenda nayo pamoja na mtamba wake mmoja. Mzee Samuel alipokea majani, mtamba akaukataa, akasema maneno ambayo Mama aliyarudia maisha yake yote. "Ruth, ng'ombe wangu akikohoa, mimi sikimbilii kisu. Naangalia kwanza kama kuna vumbi." Kisha akaongeza, "Na huyo mtamba wako rudi naye, amekonda, ataniletea aibu." Wakacheka wote wawili, na Mama alisema hakuwahi kucheka kicheko kigumu kama kile.

Tangu Januari 2010 Mama alifanya kazi kwa njia nyingine. Kila mwaka alitundika uzi mpya kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, na kila asubuhi, kabla hajaongea na mtu, alisikiliza injini kwa muda wa kuchemsha chai, akatunga ushanga mmoja wa rangi aliyoisikia. Siku aliyosikia kasoro aliwaambia watu, lakini sharti lake la kwanza lilikuwa ni kutafuta vumbi, yaani kitu kingine chochote kilichobadilika, upepo, mafuta ya aina nyingine, mlango ulioachwa wazi, hata mafua yake mwenyewe. Vumbi likikosekana, kilifanyika kipimo kidogo kisichosimamisha maji, na pampu ilivutwa mwisho kabisa. Kasoro ikipatikana alifunga fundo kando ya ushanga ule. Isipopatikana alitunga ushanga mweupe. Wanawake wenzake wa Kimaasai walimuuliza kwa nini rangi ya maziwa na baraka aitumie kwa makosa, naye akawajibu kwamba pale ndipo alipojifunza kitu.

Nyuzi hizo zilikuwa nzuri kutazama, na mfanyabiashara mmoja kutoka Kajiado alitaka kuzinunua zote. Mama alikataa, akamtengenezea mikufu mingine, mmojawapo aliuita mvua ya Aprili, na umevaliwa katika harusi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilimuuliza tofauti ni nini, maana shanga ni zilezile na mkono ni uleule, akasema, "Mkufu napanga mimi. Uzi unapangwa na pampu. Nikianza kuupanga uzi upendeze, nimewanyima watu maji." Lakini alisema pia kwamba asingekuwa mpangaji wa mikufu asingepata wazo la uzi, na kwamba mikono yake ilikuwa imejifunza kazi ya pili kutoka kwa ile ya kwanza.

Mwaka 2017 alikuja mtafiti wa maji, Bi Rahab, akakuta nyuzi zile, akakaa naye siku tatu. Alimweleza kwamba kuna watu wengine duniani ambao sikio na jicho vimeunganishwa tangu kuzaliwa, si ugonjwa, si pepo na si unabii, na wataalamu wanalijua jambo hilo. Tulifikiri Mama angelia kwa furaha, maana alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwahi kusikia habari za mwenzake hata mmoja. Aliuliza tu, "Na hao wengine, wanakosea mara ngapi?" Bi Rahab alisema hajui, basi wakahesabu nyuzi pamoja, na Mama akaendelea kuhesabu kila Desemba. Hadi mwezi uliopita alikuwa ametangaza kasoro mara mia mbili na kumi na nne, mafundo mia moja sitini na matatu, shanga nyeupe hamsini na moja. Wanaosema hakukosea kamwe wanamnyang'anya kazi yake.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 11 Machi aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hapa Kitengela, kisha Nairobi, na Agosti tukamrudisha hospitali ya karibu ili awe na sisi. Aliomba jambo moja, kwamba kila asubuhi Bwana Munguti aweke simu kando ya bomba asikilize, na uzi tuliufunga kwenye kitanda chake.

Jumatano tarehe 10 Septemba alisikiliza, akachukua ushanga wa kahawia. Alisema ni rangi ya mchanga, kwamba pampu inavuta mchanga. Mnajua mvua haijanyesha tangu Mei na mifugo iliyoko hapa sasa inatoka hadi mpaka wa Bisil. Kamati ilikuja hospitalini siku hiyohiyo ikasema itavuta pampu kesho, kwa kuwa ni yeye amesema. Mama alikuwa na sauti ndogo lakini wote waliisikia. Alisema, "Simu ni mpya, ile yangu ilianguka jana Wacuka akanipa yake. Na mimi ni mgonjwa. Hayo ni mavumbi mawili. Msiniamini. Jazeni beseni jeupe maji ya bomba, mlifunike kwa leso siku mbili, muangalie chini." Mwenyekiti akamwambia, "Mama, na kama uko sawa na tumechelewa?" Akajibu, "Siku mbili za mchanga haziui pampu. Siku nne bila maji zinaua ng'ombe, mimi nimeziona."

Ijumaa tarehe 12 Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na Njuguna, Wacuka na mimi, Mama alipumua mara ya mwisho. Beseni lilikuwa bado limefunikwa.

Habari zilipofika kisimani, wazee kadhaa walisema pampu itolewe siku ileile kwa heshima yake, kwamba neno la mwisho la mtu kama yule halipimwi. Nawaelewa, walisema kwa mapenzi. Bwana Munguti alisimama mbele ya mlango wa nyumba ya pampu, mtu yuleyule wa spana na rangi, akasema, "Mama Njuguna hakusema toeni. Alisema angalieni." Akaleta beseni, akaondoa leso mbele ya wote, akayamwaga maji polepole hadi chini. Hapakuwa na chembe ya mchanga. Kisha akaipigia simu ile ya Wacuka, tuliyokuwa nayo sisi watoto, akaweka yake kando ya bomba, na sauti tuliyoipata ilikuwa na mkwaruzo kweli, hata sisi tusioona rangi tuliusikia.

Jumamosi Bwana Munguti alikuja hapa nyumbani akaomba uzi, na kwa mikono yake mizito akatunga ushanga mweupe, wa hamsini na mbili. Ilimchukua muda kupata tundu. Uzi huo ndio mnaouona juu ya jeneza, na hauzikwi, utarudi ukutani nyuma ya kanisa na kesho asubuhi utaendelea, na Bwana Munguti amesema ataandika kwa maneno anachosikia, kwa vile rangi hana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Machi, na hasa waliokubali uzi na simu kitandani, inawashukuru majirani waliotupikia na kulala nasi, mchungaji na kina mama wa kanisa, kamati ya kisima, Bwana Munguti, Bi Rahab aliyesafiri kutoka mbali, na mzee Samuel, ambaye asubuhi hii alifika na majani mabichi mkononi. Hatukumuuliza aliyatoa wapi, tunajua pale tangi linapovuja.

Mama ameacha watoto watatu, wajukuu sita, nyuzi kumi na sita, na kisima ambacho hakikusimama hata saa moja wiki hii. Maji mliyonawa mlipoingia ni ya hapo, na chai mtakayokunywa tukitoka kaburini ni ya hapo.

Pumzika kwa amani, Mama. Tuliangalia. Maji yanatoka.