Saa Nzima Bila Kiongozi

Ndugu zangu wa Jeddah, kwanza niacheni niwatazame. Sauti zenu nazijua mwaka mzima sasa, nyuso ndizo mpya. Bosi wangu ameleta familia yake huku kupumzika, na leo Ijumaa amenipa mchana wote, ndiyo maana mimi, dereva wa Riyadh, nimesimama katika chumba hiki cha mtaa wa Baghdadiyah. Ushuhuda huu nimeuandika mara sita. Mkiniona nasoma kwenye karatasi, si kwamba nimesahau. Ni woga tu.

Wageni, niwaeleze. Sisi tunasali sala ya kimya kwa simu, kila Ijumaa saa tisa, wakati mabosi wengi wamelala baada ya chakula. Kila mtu pale alipo, jikoni au kwenye kibanda cha ulinzi, anazima sauti yake, anachagua neno moja takatifu, anakaa mbele za Mungu dakika ishirini. Mawazo yakitoroka, unarudi kwenye neno. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema hii si sala, hawa ni watu waliokosa la kusema. Lakini akili yangu haitulii, na kimya kile kiliituliza.

Mama aliyetuongoza alimaliza mkataba, akarudi Kenya. Aliuliza kwenye kundi ni nani atachukua kazi. Hakuna aliyejibu. Nikaandika, "Mimi." Hapo hapo nikaogopa, nikataka kufuta, lakini watatu walikuwa wameshajibu, "Amina, ndugu!" Halas, yamekwisha.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilikuwa kiongozi mbaya. Mambo haya sikuyasomea popote, nilijifunza kwa video na vitabu vya kwenye simu, na niliogopa mtu atagundua. Basi nikatunga kanuni kumi na nne. Jinsi ya kukaa. Jinsi ya kupumua. Usisali ukipiga pasi. Na kwa kuwa sauti zenu zimezimwa, ningejuaje kama mnasali kweli? Nikaagiza kila baada ya dakika tano kila mtu aandike "nipo". Asiyeandika nilimpigia baadaye kumwuliza alikuwa wapi. Mnacheka sasa. Wakati ule hamkucheka.

Tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki wanne. Dada mmoja kati ya hao wanne, yuko hapa, simtaji, alinipigia.

"Ndugu, nina madam anayeniuliza niko wapi tangu alfajiri. Wewe unataka kuwa wa pili?"

"Nataka tufanye vizuri, dada."

"Vizuri kwa nani?"

Nikakata simu. Wiki hiyo nilizunguka nikijilaumu. Niliamini nimekiua kitu alichokijenga mama yule kwa miaka. Nikaandika meseji ya kujiuzulu na ya kulifunga kundi, nikaihifadhi niitume Ijumaa baada ya sala.

Ijumaa ikafika. Nimeshawakaribisha, dakika hata tatu hazijaisha, bosi anagonga mlango wa chumba changu. "Yalla, yalla! Gari! Mama anaumwa!" Nikatupa simu kitandani, nikakimbia. Mama yake tulimfikisha hospitali, akapata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini njia nzima ya kurudi niliwaza: hakuna wa kufunga sala, wamechoka, wamekata simu. Ndiyo mwisho wenyewe.

Nilirudi chumbani baada ya saa moja na zaidi. Simu bado inawaka. Natazama idadi ya watu: tisa.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mpo?"

Kaka mmoja, mlinzi wa mtaa wa Hindawiyah hapa Jeddah, akawasha sauti. "Sisi tupo. Wewe ndiye uliyepotea."

Wakacheka wote. Kumbe sauti yangu peke yake ilikuwa wazi. Walimsikia bosi, wakasikia mlango na miguu yangu ikikimbia. Yule dada niliyemchosha akaazima simu ya jirani yake, yake ikiwa bado kwenye sala, akawapigia waliokuwa wameacha kundi: rudini, kuna mgonjwa na kuna dereva barabarani. Wengine walisali wakiosha vyombo. Mmoja alisali akipiga pasi! Walikaa kimya saa nzima bila mimi, na hawakuwahi kukaa vizuri hivyo nikiwa naongoza.

"Mgonjwa anaendeleaje?" dada akauliza.

Nililia, ndugu zangu. Nikaifuta ile meseji, nikazifuta na kanuni zote.

Leo tumejaa hadi wengine wamekaa jikoni. Asante dada, kwa kuniambia ukweli waziwazi. Asante kaka mlinzi, kwa kunichekesha siku niliyotaka kukimbia. Asante mama wa Kenya, ambaye nilipomsimulia aliniambia naye mwaka wa kwanza alitaka kuacha mara mbili. Nilichojifunza ni hiki: Mungu hakuningoja nikamilike. Siku ile hata hakuningoja nirudi.

Ijumaa ijayo, saa ya sala, nitakuwa barabarani nikiirudisha familia Riyadh. Tunahitaji mtu wa kuongoza. Kazi ni kukaribisha watu, kunyamaza nao, na mwishoni kusema Amina. Anayejiona tayari namkaribisha. Lakini wewe unayeinamisha kichwa sasa hivi ili nisikuone, nakuomba wewe kwanza.